Pini Imenipeleka Nyuma ya Ukuta: Maswali Yenu Kuhusu Ramani na Dilivari

Toleo lililopita nilisema kwa mistari miwili tu kwamba mwenye biashara asitume boda kabla hajaangalia ramani, na kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia za watu wa keki, wa gesi, wa viatu vya Gikomba, hadi raida mmoja akanitumia voisi noti ya dakika sita akiwa amesimama kando ya Outering Road, matrela yanapita, nusu ya maneno sikuyasikia lakini hasira niliisikia vizuri. Nimechukua saba. Ambao sijawajibu msininunie, mengi yanafanana na haya.

Swali: Keki inayeyuka, raida yuko kwa ukuta

*Sasa bosi. Mimi naoka keki hapa Zimmerman na kila Jumamosi natuma kama nane hivi. Kastoma ananitumia lokesheni kwa WhatsApp, namrushia raida, raida anafika anasimama nyuma ya ploti penye ukuta hakuna hata mlango, anaanza kupiga simu, kastoma yuko kwa sherehe hashiki. Wiki jana keki ya arusi imezungushwa Kahawa West saa nzima na jua lile. Kwani hizi ramani ni za uongo? — Mama Keki, Zimmerman*

Pole sana Mama Keki, hiyo ya arusi imeniuma hata mimi ambaye sikualikwa.

Ramani ilimpeleka raida pale pale pini, ile alama ya lokesheni, ilipokuwa, sasa tuulize hiyo pini ilifikaje huko. Simu ya kastoma inasikiliza setilaiti za GPS zilizo juu huko kama kilomita 20,200, na inahitaji angalau nne ndio ijue iko wapi. Ukiwa uwanjani pa wazi simu ya kawaida inakosea kama mita tano, si mbaya. Lakini kastoma wako hayuko uwanjani, yuko ndani ya ghorofa kati ya ploti zilizobanana mpaka unaweza kumpitishia jirani chumvi dirishani, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za watu kabla yafike kwa simu, simu inadhani yametoka mbali kuliko ukweli, basi inakisia. Wakati mtu anataka kutuma lokesheni WhatsApp, hapo chini pameandikwa inakosea kwa mita ngapi, ila nani husoma? Ikiwa mita 5 ama 10 atume. Ikiwa mita 60 mwambie atoke balkoni angoje kidogo itulie, mita 60 huko Zimmerman ni ploti nne nzima.

Hiyo ni nusu ya shida. Nusu ya pili ndiyo iliyokupata wewe nadhani. Hata pini ikiwa sawa kabisa iko juu ya nyumba, na pikipiki haipandi paa. Programu inatafuta sehemu ya barabara iliyo karibu zaidi na hiyo pini halafu inasema umefika. Sasa kama kichochoro cha nyuma kiko mita nane kutoka kwa kitanda cha kastoma na barabara ya geti iko mita ishirini, raida anapelekwa kichochoroni. Ramani haioni ukuta. Kwa hivyo wewe usiombe pini ya nyumba, omba pini ya geti. Mwambie hivi: fungua ramani, weka ile picha ya setilaiti, tafuta paa lako, shikilia kidole pale geti ilipo, nitumie hiyo. Ni kazi ya nusu dakika na anaifanya mara moja tu maishani mwake.

Na muulize uko nyumbani sasa hivi? Wengi wanaagiza wakiwa kazini, wanabonyeza lokesheni ya pale walipo, keki inaenda Upper Hill Jumamosi kwa soja na paka wa ofisi.

Kama raida wako anatumia kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kuna kitu kinaitwa Plus Code, ni cha Google. Ukishikilia kidole kwa ramani unapata herufi na namba zenye alama ya kujumlisha katikati, hiyo ndiyo anwani ya kamraba kadogo ka mita kama 14 kwa 14. Misimbo ya Nairobi kamili inaanza na 6GCR, lakini huna haja ya kuandika hizo nne, unaandika zinazobaki halafu Nairobi mwishoni. Inaingia kwa SMS, inasomeka kwa simu kama namba ya gari, na mtu yeyote mwenye intaneti anaifungua amsaidie raida. Mimi naipenda kuliko pini kwa sababu pini inapotea kwa chati katikati ya picha za keki na meme.

Lakini dawa yenyewe ni kitabu. Raida akifika mlangoni kwa mara ya kwanza, kabla hata hajashusha boksi, asimame getini atume lokesheni yake kwako. Wewe unaihifadhi kwa namba ya simu ya kastoma: pini ya geti, rangi ya geti, ghorofa, nani hushika simu kama mwenyewe hashiki. Na alama iwe ya kitu kisichohama. Mimi nishawahi kuelekezwa "karibu na mama wa mahindi choma", nikafika saa nane mchana, mama wa mahindi hutoka saa kumi na moja jioni. Transfoma, kanisa, shule, tangi kubwa la maji, hizo haziendi popote. Duka la M-Pesa linahama, na geti ya bluu inapakwa rangi Krismasi. Baada ya miezi sita una kitabu ambacho hakuna programu ya kununua iliyo nacho, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kusimama kwa hizo geti zote na keki mkononi.

Swali: Ninunue programu ya kupanga ruti?

*Mkubwa habari. Nina duka la vifaa vya ujenzi Donholm, pikapu moja, dereva mmoja, stopu 12 mpaka 15 kwa siku. Umoja, Kayole, Utawala, Embakasi, South B, Syokimau. Dereva anasema anajua njia zote na ni kweli anazijua lakini mafuta yananimaliza. Kuna watu wamenipigia wananiuzia programu ya kupanga ruti unalipa kila mwezi. Nilipe? — Baba wa Pikapu, Donholm*

Usilipe bado, Baba wa Pikapu. Weka hiyo pesa kwa mafuta mwezi mmoja tu kwanza tufanye hesabu.

Ni kweli jambo lenyewe ni gumu. Ukiwa na stopu 5 kuna njia 120 za kuzipanga. Ukiwa na 10 zinakuwa 3,628,800. Ukiwa na 15 hizo zako ni zaidi ya trilioni moja, na hakuna dereva anayezijaribu kichwani akiwa anangoja chai. Hata kompyuta haizijaribu zote, inatafuta iliyo nzuri ya kutosha. Wataalamu wawili, Dantzig na Ramser, waliliandikia hili swali 1959 wakiangalia magari ya kupeleka petroli kwa vituo, na mpaka leo watu bado wanalikuna kichwa. Lakini kwa gari moja na stopu 12, jicho la mtu na ramani mbele yake linatosha sana.

Wacha nikuambie kisa. Zamani nilikaa meza ya kutoa magari kwa hadiwea moja pale Industrial Area, siitaji. Dereva alikuwa anaanza Kayole, anarudi South B, anaenda tena Komarock, na bosi kila jioni anamuuliza kama anauza mafuta njiani. Nikashika zile risiti nikaona zimepangwa vile watu wamelipa! Wa kwanza kulipa wa kwanza kupelekewa. Dereva hakuwa mwizi, alikuwa anafuata bunda la karatasi. Tukabandika ramani ukutani, kila risiti pini yake, na ndani ya wiki moja lile zogo la jioni likaisha. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote nenda uangalie risiti zako zimepangwa vipi, nakuwekea soda ni kwa saa.

Siku hizi ukuta wenyewe uko kwa simu. Fungua Google My Maps, ni ya bure, unaweka jedwali la Excel lenye jina na lokesheni, inakubali mistari hadi 2,000 kwa pakio moja, unaipa kila siku rangi yake. Ukiziona zote kwa pamoja utashtuka, kwa sababu Nairobi imekaa kama kiganja, barabara zinatoka tauni kama vidole, na kinachokula mafuta ni kuruka kutoka kidole hiki kwenda kile. Angalia Utawala na Syokimau, kwa ramani zinaonekana majirani, lakini katikati yake kuna JKIA na hakuna mtu atakuruhusu ukate uwanja wa ndege na simiti. Utawala iende siku moja na Kayole na Umoja. Syokimau iende na South B, zote za Mombasa Road. Embakasi iko katikati, inaingia siku yoyote ile. Halafu waambie kastoma wa Syokimau mapema kwamba siku zao ni Jumanne na Ijumaa. Watu hawakatai siku ukiwaambia kabla hawajalipa, wanakasirika ukiwaambia baada.

Jambo lingine dogo lenye pesa. Kule Marekani UPS, wale wa vifurushi, hupanga ruti ili magari yasikate kushoto mara nyingi, kwa sababu wao huendesha upande wa kulia na ukikata kushoto unangoja magari yanayokuja. Sisi ni kinyume, kwetu kona ya kuogopa ni ya kulia. Ukienda na Jogoo Road ama Outering, shusha mizigo ya upande wako wa kushoto ukienda, ile ya ng'ambo uishushe ukirudi. Ukitaka kuvuka ndio ufike kwa kastoma aliye mita thelathini ng'ambo, utaenda mpaka mahali pa kugeukia na ukirudi umechoma mafuta ya stopu nzima. Ramani ya simu itakwambia tu "geuza", haijui wewe umebeba mabati.

Ile Google Maps ya kawaida unaweza kuiongezea stopu hadi tisa kwa safari moja lakini kumbuka inazifuata vile umeziandika, haikupangii upya, ukiandika ovyo inakupeleka ovyo kwa sauti ya upole. Angalia pia sehemu ya kuchagua saa ya kuondoka, linganisha saa moja asubuhi na saa nne kasoro, utaona tofauti yenyewe. Na mzigo wa stopu ya mwisho uingie kwa pikapu kwanza, hiyo haina teknolojia lakini nimeona simiti zikishushwa zote barabarani ndio kupatikane boksi moja ya misumari.

Sasa ile hesabu. Wiki mbili, dereva aandike kilomita za dashibodi asubuhi na jioni, na idadi ya stopu alizomaliza. Gawanya. Wiki ya kwanza vile mmezoea, ya pili kwa siku na vidole. Kama ukishapanga hivyo bado kilomita kwa kila stopu hazishuki, ama umeongeza magari ukafika matatu, ama una kastoma wanaotaka saa kamili, hapo waite wale wauzaji na uwaonyeshe hiyo karatasi, uwaambie wajaribu na stopu zako za jana si za mfano wao.

Swali: Kastoma wangu wamehamia Samburu

*Nimepakia lokesheni za kastoma 40 kutoka Excel, wote ni wa Westlands na Kilimani, nikifungua ramani wengine wako Samburu na wengine baharini huko Ulaya. Nimelogwa? — Kijana wa Ofisi, Westlands*

Hujalogwa, umesahau kistari. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa hivyo namba yake ya kwanza ni hasi, kama -1.29, ya pili ni 36.82. Ukiondoa kile kistari umevuka ikweta, unatua karibu na Maralal, ndio hao wa Samburu. Wale wa baharini umegeuza namba, ya pili imekaa kwa nafasi ya kwanza, ukifanya hivyo unaanguka kwa Mediterania chini ya Uhispania. Rudi kwa Excel uangalie safu mbili tu, hutatafuta sana.

Ukiwa hapo angalia na tarakimu baada ya nukta. Ukiacha mbili peke yake unaweza kukosea hata nusu kilomita na zaidi, yaani uko Westlands kwa jumla tu. Tano zinakupeleka mpaka mita moja hivi. Excel hupenda kukata, iambie isikate.

Swali: Mduara wangu umenila faida

*Mambo. Nauza viatu vya mtumba Gikomba lakini kastoma wengi ni wa onlaini. Ili nisibishane na watu nilichora miduara kwa ramani nikaweka bei, wa ndani bei hii, wa nje bei ile. Sasa wa Rongai wananimaliza, boda ananidai zaidi ya nilichomchaji kastoma, na wa Kahawa Sukari wanalalamika nawaibia. Na wako mduara mmoja! — Dada wa Viatu, Gikomba*

Dada, umechora mduara wa ndege na viatu vyako vinaenda na pikipiki. Kutoka Gikomba, Rongai na Kahawa Sukari ziko karibu umbali sawa ukivuta uzi, kilomita 15 au 16 hivi. Lakini Kahawa Sukari unaingia Thika Road na hiyo barabara yenyewe inakufikisha karibu na mlango. Rongai unapita tauni, unapita Lang'ata Road, unashika Magadi Road, na wote tunajua Magadi Road jioni ilivyo, tena Nairobi National Park imekaa hapo pembeni kwa hivyo huna njia ya kukatia labda uombe ruhusa kwa simba. Mduara haujui mbuga, haujui reli, haujui mto. Ukiwa Eastleigh na unataka Umoja, kambi ya Moi Air Base iko kati, uzi unasema karibu, boda anazunguka.

Futa miduara. Andika mitaa unayotuma sana, ishirini inatosha, kila moja iulize ramani kilomita za barabara na dakika mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Bei uiweke kwa barabara: hii ni ya Thika Road, hii ni ya Lang'ata hadi Rongai, hii ni ya Jogoo Road, na kila barabara unaigawa mara mbili, karibu na mbali. Inaeleweka hata kwa kastoma, mtu wa Rongai anajua anaishi Rongai, hatakasirika.

Na kwa nini kila jozi ya viatu iende na boda mpaka mlangoni? Viatu si keki. Pata watu watatu wa barabara moja, wafunge pamoja, raida mmoja. Ama uwape kastoma uamuzi, mlangoni bei hii, steji bei ya chini, kwa matatu. Hapa nitawasifu watu wetu kidogo. 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia walitoa ramani ya matatu za Nairobi, wanafunzi walipanda magari na simu mkononi wakirekodi kila steji, zikapatikana ruti zaidi ya 130, na hizo habari baadaye zikaingia Google Maps. Kabla ya hapo ramani ya matatu ilikuwa kichwani mwa makanga. Kwa hivyo leo ukitaka kujua gari gani linapita karibu na kastoma wa Ruai unaangalia tu. Mzigo wa matatu uandike jina, namba ya simu na steji ya kushukia kwa kalamu nene, na namba ya gari umtumie kastoma kabla gari halijatoka. Nimeshaona viatu vikirudi tauni peke yao.

Swali: Bosi ananifuata kwa ramani mpaka chooni

*Mimi ni raida, ndio huyo wa voisi noti. Bosi wangu ananitaka niwashe lokesheni laivu kutoka asubuhi mpaka usiku. Halafu anaangalia ramani ikisema dakika 22, nikifika na 35 ananikata pesa. Bando ni yangu, batri ni yangu. Juzi alinipigia kuniuliza kwa nini nimesimama dakika kumi, nilikuwa nakula chapati. Hii ni haki? — Raida wa Eastlands*

Kaka, chapati ni haki yako. Hapa nitaongea na bosi wako kama anasoma.

Bosi, zile dakika 22 umetoa wapi? Kama umeangalia alama ya gari, umemhesabia raida njia ambayo hawezi kutumia. Nairobi Expressway kutoka Mlolongo mpaka Westlands ni kilomita 27 safi kabisa, lakini pikipiki haziruhusiwi juu, na ukiacha ramani kwa alama ya gari itampandisha huko bila aibu. Kuna alama ya pikipiki, tumia hiyo. Hata hiyo inahesabu barabara, haihesabu soja wa geti anayetaka kitambulisho, kuandika kwa kitabu, lifti imeharibika, kastoma anayetafuta simu alipe kwa M-Pesa. Mimi kwa mahesabu yangu kila stopu ya ghorofa naiongezea dakika kumi na sijawahi kuona ni nyingi. Ukitaka kujua muda wa kweli chukua safari zako mwenyewe za mwezi mmoja, saa ya kutoka na saa ya kukabidhi, hiyo ndiyo dakika zako. Na ukimkata mtu pesa kwa sababu ya makisio ya ramani, unamfundisha kupita na taa nyekundu, siku ataanguka utalipa zaidi ya hiyo.

Kuhusu kufuatwa. Mzigo una haki ya kufuatwa, mtu hapana, angalau si saa zote. WhatsApp yenyewe lokesheni laivu ina dakika 15, saa moja, ama saa nane, basi chagua ile ya safari, raida akiwasha akibeba na kuzima akikabidhi. Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na mahali mtu alipo ni habari zake binafsi, unapaswa kumwambia unazichukua kwa nini na utazitumia vipi, na usichukue kuliko unavyohitaji. Ofisi ya Kamishna wa Data ipo na inapokea malalamiko. Na hiyo sheria ni ya kastoma pia, sio raida peke yake, kile kitabu cha pini nilichomsifia Mama Keki hapo juu ni orodha ya watu wanaishi wapi, wanawake wanaoishi peke yao wakiwemo. Usikibandike kwa grupu la maraida thelathini. Kila raida apate pini za mizigo yake ya leo, jioni zifutwe kwa simu yake.

Bando, bosi lipa. Kaka na wewe zungumza naye siku ambayo hamjagombana, mwonyeshe hizi dakika.

Swali: Bando ikiisha ramani inaisha?

*Swali fupi tu. Nikiwa barabarani data ikiisha napotea. Kuna njia? — Msomaji, Githurai 45*

Ipo. Ukiwa na waifai pakua eneo la Nairobi kwa Google Maps, ukiwa bila data inaendelea kukuelekeza kwa njia ya gari. Haitakuonyesha jam wala njia ya miguu. GPS yenyewe haili bando, inatoka juu bure, kinacholipiwa ni picha ya ramani. Isasishe mara kwa mara, inakwisha muda.

Swali: Duka letu haliko duniani

*Tuna duka la spea za pikipiki ndani ya Mukuru. Kwa ramani hapo petu ni rangi ya kijivu tupu, hakuna hata njia. Kastoma wa nje wanasema hawatuoni. Tunafanya nini? — Vijana wa Spea, Mukuru*

Vijana, wenzenu wa Kibera walikuwa hivyo hivyo. Mpaka 2009 Kibera kwa ramani nyingi ilikuwa kama uwanja mtupu na watu wamejaa pale, ndipo vijana wa mtaa wakashika vifaa vya GPS wakatembea vichochoro wakiweka maji, vyoo, shule, kliniki, mradi ukaitwa Map Kibera. Waliweka kwa OpenStreetMap, ile ramani iliyoanzishwa Uingereza 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza kitu bila kulipa, na programu nyingi zinaitumia hiyo chini kwa chini.

Fanyeni mambo mawili. Kwanza duka liandikishwe Google kama biashara, ni bure, anayewaomba pesa ya kuwaweka kwa ramani anawaibia. Watataka kuthibitisha, mara nyingi kwa video ya simu, muonyeshe barabara, mlango na bidhaa. Jina liwe lile la ubao, msiongeze "spea bei nafuu Nairobi nzima" watawafungia. Pili fungueni akaunti OpenStreetMap, mtembee polepole kutoka steji mpaka dukani simu ikirekodi, halafu mchore ile njia juu ya picha ya setilaiti. Mkiona simu inarukaruka kati ya mabati rudieni mara tatu, mchore katikati ya mistari. Andikeni kama pikipiki inapita ama ni ya miguu tu, hiyo ndiyo itamwokoa raida. Msichore nyumba ya mtu kwa jina lake.

Mkimaliza tafuteni mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mukuru, mpeni hiyo pini na nauli, mmwambie aje dukani bila kupiga simu. Akipiga msimwelekeze kwanza, muulizeni amesimama wapi na anaona nini mbele yake, mwende mkarekebishe hapo hapo.